Mwaka Nilioshika Ukili

Simu ya Riziki ilinikuta juu ya paa la nyumba ya wageni kule Malindi, nikifunga makuti mapya, na kama ilivyo desturi yangu mikono ilikuwa hapo lakini mawazo yalikuwa yameshatangulia mahali pengine. "Mjomba, shikamoo," alisema, na kabla sijaitikia akaendelea, "Mwalimu ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri." Nilishuka ngazi. Nilijua kwamba sitawahi, kwa sababu baina ya Malindi na Bongwe kuna Kilifi, kuna Mombasa yote, kuna foleni ya feri, na kwetu maiti hamngoji msafiri. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilipofika watu walikuwa wamesharudi makaburini, wanaume wameketi uani juu ya majamvi, wanawake wako ndani wanasoma Kurani, na harufu ya udi imechanganyika na ya kahawa. Nilitoa mkono wa pole, nikaketi, nikapewa kikombe, nikanywa, nikahamia jamvi la pili, kisha nikasimama. Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa karibu yangu akacheka kwa pua. "Makuti," aliniambia, kwa jina langu la zamani, "hata msibani huwezi kukaa?" Ilinichukua muda kumtambua kuwa ni Mwinyi mgema, aliyekuwa akipanda minazi ya mtaa ule wakati sisi sote tulikuwa vijana. Alikuwa na haki yake kusema. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikapita bomba la maji, nikaelekea kwenye darasa ambalo Mwalimu Mejumaa alilijenga ubavuni mwa kiwanja chake. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na watoto, wale ambao mama zao walikuwa msibani, na Riziki alikuwa amewakusanya humo wasije wakawakanyaga watu. Nilisimama nje, nimeegemea ukuta kwa bega, nikasikia sauti zao, na sikuingia mara moja.

Sijui kueleza kwa nini sijapata kukaa mahali. Niliacha shule darasa la sita, si kwa kuchukia kusoma. Nilichokichukia ni benchi. Nimekata mawe ya kujengea, nimepaka mashua rangi, nimewauzia wazungu wa Diani miwani ya jua, nimekaa Tanga na fundi wa saa, na kila mahali nilitaka kujua jambo moja tu, nikishalijua miguu ikaanza kuniwasha. Watu wamenipa majina mengi kwa ajili hiyo na sikuyakataa. Lakini mara moja katika maisha yangu nilikaa mwaka mzima mahali pamoja kwa hiari yangu, na mahali penyewe palikuwa chekechea. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nilikuwa nimetoka Kikoneni kuvuna korosho za watu, niko Kona ya Musa natafuta njia ya kwenda Vanga, nikasikia kuna mwalimu wa Bongwe anayetaka mtu wa kuziba paa. Nikajisemea, siku mbili tatu, halafu safari.

Darasa lilikuwa chumba kimoja cha mawe na udongo, chokaa imepakwa nusu ya ukuta kisha ikaisha, madirisha hayana vioo, na ubao ulikuwa sehemu ya ukuta iliyopakwa rangi nyeusi. Mlikuwa na harufu ya uji, ya mafuta ya nazi kwenye nywele za watoto na ya makuti yaliyooza kwa mvua. Mwalimu Mejumaa alikuwa mwanamke mfupi aliyetembea upesi na kusema polepole. Mimi nilikuwa juu, nang'oa makuti mabovu, na kwa tundu nililolifungua niliona vichwa vyote na kusikia kila neno. Siku ya kwanza alikuwa akiwaeleza kwa nini mwezi huonekana mdogo na kisha mkubwa. Sikuweza kujizuia. "Na mbona mara nyingine huonekana mchana?" niliuliza kutoka juu. Watoto walipiga makelele, "Paa linasema! Mwalimu, paa linasema!" Mwalimu aliinua uso, akaniangalia kupitia tundu lile bila kutabasamu. "Wewe uliye juu," alisema, "ukimaliza kazi yako shuka ukae na wenzako, nitawajibu nyote pamoja." Nilishuka. Paa lilipokwisha aliniuliza kama naweza kupasua kuni na kukoroga uji, akanipa chumba cha ghala na chakula, na watoto wakaniita Mjomba Makuti. Kila Ijumaa nilijiambia kwamba wiki ijayo nakwenda Vanga.

Mwaka huo Mwalimu alikuwa amerudi kutoka semina moja mjini Kwale na mti. Ulikuwa mti wa karatasi, shina la kahawia na matawi matupu, akaubandika ukutani akauita Mti wa Wema. Mtoto akitenda jema, jina lake liliandikwa kwenye jani la kijani na jani likabandikwa tawini. Tulikata majani kutoka kalenda za zamani tukayapaka rangi, watoto na mimi, nasi tukafurahi. Siku chache tu, mambo yakawa mengine. Mtoto alimficha mwenzake kiatu ili akione yeye. Mmoja alimwaga maji makusudi ili ayapanguse. Halafu alikuwako Bakari, mtoto mnene mwenye sauti ya mtu mzima, aliyependa majani kuliko wote. Niliona kwa macho yangu akimsukuma mwenzake mchangani kwa mikono miwili, kisha akainama upesi, akamshika mkono, akasema kwa upole wa shehe, "Pole ndugu yangu, inuka," na kumtazama Mwalimu. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Lakini watoto walipokwenda aliubandua mti mzima, jani kwa jani. "Nilidhani nawafundisha wema," aliniambia, "kumbe nimefungua duka."

Na wakati wote huo, ukutani pakiwa na majani mengi namna ile, hakuna hata mmoja aliyepata jani kwa kukaa karibu na Riziki. Riziki alikuwa na miaka sita na mwili wa mtoto wa minne. Damu yake ilikuwa na maradhi ya kuzaliwa nayo. Mara kwa mara mifupa ilimuuma mpaka akalia bila sauti, na macho yake yalikuwa ya manjano. Watoto walisema ana jini. Walisema ukimgusa linakuhamia. Hawakumpiga wala kumtukana. Walisogea tu, kila akikaa jamvini wao wakasogea, mpaka akawa na jamvi lake peke yake kama kisiwa. Bibi yake, Bi Mwanamisi, aliyekuwa akiuza mbaazi na mahamri kando ya barabara, alimleta kila asubuhi kwa mkono, na asubuhi moja alisimama mlangoni akayaona hayo. Nilikuwa nje nakoroga uji, nikamsikia. "Mwalimu, mke mwenzangu huyu nimemleta asome," alisema, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani, mke mwenza. "Sikumleta akimbiwe. Muhula huu ukiisha na hali ni hii hii, nitakaa naye nyumbani." Mwalimu alijibu kwamba amesikia. Alikuja kuchukua uji. "Yule akishaingizwa ndani hatoki tena," aliniambia. "Atalala akitazama dari mpaka awe mkubwa, na huyo bibi ataona amemhifadhi."

Wiki iliyofuata alileta miyaa, yale majani makavu ya mkoma yaliyochanwa kuwa nyuzi pana, mengine meupe, mengine yamepikwa rangi nyekundu na ya zambarau. Mama yake alikuwa msukaji mikeka, naye alikulia katikati ya vitu hivyo. Ukili, yaani ule utepe mrefu unaosukwa kisha kushonwa na tepe nyingine uwe mkeka, mtu mzima huusuka peke yake akiushikilia kwa kidole cha mguu. Mwalimu alibadilisha jambo moja tu. Watoto wakae wawili wawili, wanatazamana. Mmoja asuke, mwenzake amshikie ncha. "Anayeshika hana kazi nyingine," aliwaambia. "Hasemi na jirani, hajikuni, hatazami ndege. Ametulia kwa ajili ya mwenzake. Kisha mtabadilishana." Hakutaja wema hata mara moja. Watoto wa miaka mitano na sita walisuka kili zilizopinda kama njia ya ng'ombe, lakini walisuka, na chumba kikanyamaza kwa namna ambayo sijapata kuisikia mahali penye watoto. Riziki hakuwa na wa kutazamana naye. Mwalimu hakumlazimisha mtu. Alitoa kichwa dirishani. "Mjomba Makuti, acha hizo kuni. Njoo ushike."

Basi nilishika. Kwa mtu kama mimi ilikuwa adhabu. Nilikaa jamvini, ncha ya ukili wa Riziki katikati ya vidole vyangu, na mguu wangu wa kulia ukaanza kutikisika wenyewe kama unavyotikisika hadi leo. "Mjomba," alisema Riziki, "huo mguu unacheza ngoma gani? Ukili unapinda." Niliuzuia. Baada ya kitambo ukaanza tena. Alinigonga goti kwa kidole. Alikuwa na mkono mzuri, wa haraka na sawa, na alikuwa mtu wa maswali kunishinda mimi. "Tanga kuna nini?" aliniuliza. Nikasema kuna watu. "Kama hapa?" Kama hapa. "Sasa ulikwenda kufanya nini?" Ninaukumbuka mshangao wangu, kwamba nilikuwa nimezunguka nchi mbili nikiwauliza watu maswali na hakuna aliyewahi kuniuliza lile. Huko nje Mwinyi alikuwa akipita na kibuyu chake cha tembo, akasimama dirishani. "Makuti! Umeanza lini kusuka ukili? Kesho tukuletee hina?" "Ilete," nilimjibu, "na udi pia." "Na bwana harusi je?" "Usijilete wewe, tunamtafuta mwenye meno yote." Watoto walianguka kwa kicheko, hata Riziki, na hakuna aliyeachia ncha.

Kabla ukili wake haujatimia Riziki aliugua. Maumivu yalimjia usiku, wakampeleka hospitali Msambweni, na aliporudi nyumbani alikuwa hawezi kusimama. Ukili wake niliuzungusha nikautundika msumarini ghalani. Wengine walimaliza zao. Mwalimu alizishona pamoja, akapinda kingo, na ukawa mkeka ambao mtu angeweza kuucheka, mawimbi hapa, tundu pale, rangi zisizojuana. Aliutandaza katikati ya darasa akauliza, "Huu ni wa nani?" Walinyamaza, maana kila mmoja alitaka kusema wangu. Kisha Bakari, kwa sauti yake ile ya ukubwani, akasema, "Wa Riziki. Kwa sababu yeye ndiye anayelala sana." Wengine walicheka lakini Bakari hakuwa akitania. Mwalimu alimtazama kwa muda. Nadhani alifurahi mno hata akasahau kitu ambacho mtu wa mji ule hasahau, na mimi pia nilikijua na sikukikumbuka, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nikifikiria tena Vanga.

Tulikwenda kwa miguu kumpelekea nyumbani kwa bibi yake. Bakari alitangulia na ncha ya mbele ya mkeka uliokunjwa, mimi nyuma nikiwa na ncha ya pili begani, na watoto wamefuata kwa safu. Mwalimu alikuwa mwisho kabisa akiwahimiza wadogo. Aliwaambia waimbe, wakaimba wimbo wa kuhesabu mpaka ukawachosha. Halafu Bakari, mwenye kitu kirefu begani na watu nyuma yake, alikumbuka kile ambacho watu huimba wakitembea namna hiyo. Alianza kwa sauti ya chini, nzito, "La ilaha illa llah," na wengine wakaitikia. Waliijua vizuri, walikuwa wameisikia ikipita mbele ya milango yao maisha yao yote. Hata mwendo wakaubadilisha, ukawa ule wa pole. Mwenye baiskeli alishuka akasimama. Wanawake waliokuwa wakichota maji walivuta leso vichwani. Mwinyi alishuka mnazini, akaweka kisu chini, akaja moja kwa moja akaingiza bega lake mahali pangu kama inavyompasa mtu kumsaidia mwenye kubeba. Aliniangalia usoni. "Nani?" aliuliza polepole. Na mimi, nikiwa bado njiani kwenda Vanga, nikamwambia, "Riziki." Alifumba macho. "Inna lillahi," alisema, na hapo ndipo niliposikia tulichokuwa tukiimba.

Tulikuwa tumeshafika. Bi Mwanamisi alikuwa mlangoni. Alikuwa ameisikia ile sauti ikija kutoka mbali, ikikaribia, ikigeukia njia ya kwake, na nyuma yake kitandani mtoto alikuwa hai. Aliuona mkeka mpya uliokunjwa, na sote tunajua mkeka mpya uliokunjwa huingia nyumba ya mgonjwa kwa kazi gani. Alitanua mikono akashika miimo ya mlango. "Bado anapumua!" alipiga kelele. "Mnamletea nani huo? Bado anapumua!" Bakari aliachia ncha yake, mkeka ukaanguka mchangani, watoto wakaanza kulia wote kwa pamoja, na wanawake waliokuwa wametufuata wakalia pia kwa kudhani ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu alikuja mbio kutoka nyuma, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alisema, "Bi Mwanamisi, ni zawadi, wallahi ni zawadi tu." Mlango ulifungwa. Kutoka ndani tulisikia, "Hatarudi kwako! Umesikia? Hatarudi!"

Siku hiyo darasani Mwalimu alikaa kwenye kigoda cha mtoto akawa anafuta ubao ambao haukuwa na maandishi. Aliniambia kwamba amemzika mtoto wa watu akiwa hai. Mimi nilitaka kuondoka. Nakumbuka nilikwisha kukunja shuka langu, maana pahala palipoharibika ndipo mtu wa aina yangu huona kazi imekwisha. Lakini Mwalimu alinikuta mlangoni mwa ghala akaniambia, "Kesho asubuhi twende wote wawili. Peke yangu nitashindwa kuingia." Nilikunjua shuka.

Bi Mwanamisi alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Tulipiga hodi, akasema karibuni, kwa sababu haiwezekani kutokusema, lakini hakutazama. Tuliketi chini sakafuni. Alitupa mbaazi za tui kwenye sahani moja na mahamri juu yake, akarudi kukuna. Zilikuwa tamu, tukazionja tu. Mwalimu aliomba radhi kwa maneno mazuri, akaeleza habari ya watoto, habari ya Bakari, na mbuzi iliendelea kukwaruza. "Mimi sina ugomvi na watoto," alisema Bi Mwanamisi mwishowe. "Nina ugomvi na mtu mzima aliyeona mkeka mpya na mgonjwa asione kitu. Kuleni muende zenu kwa amani." Ikawa imekwisha. Nilitazama mlango. Ndipo pazia la chumbani likasema. "Bibi, waulize ukili wangu wameuweka wapi."

Mbuzi ilinyamaza. "Uko ghalani kwangu," nilisema, "nimeutundika. Haujaisha, Riziki." Ile sauti ikarudi, ndogo na yenye hasira. "Kwa hivyo mmeufunga mkeka bila mimi?" Sote tulikuwa tumefikiria zawadi, hakuna aliyefikiria kwamba tumemsukia mtu mkeka na kumwacha nje ya mkeka wenyewe, kama alivyoachwa nje ya majamvi mengine yote. Bi Mwanamisi aliweka nazi chini. Alimtazama Mwalimu kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa ukifikiri. "Mkeka wa maiti," alisema taratibu, "ndio unaosukwa na kila mtu ila mwenyewe." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Uko wapi mkeka huo? Uleteni. Mfumue upindo wa ukingoni. Mke mwenzangu atie ukili wake kwa mkono wake, halafu tuone ni mkeka wa nani."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu aliufumua upindo siku hiyo hiyo, na kila alasiri alimtuma mtoto mmoja kwenda kumshikia Riziki ncha. Mimi nilipewa paa la Bi Mwanamisi, lililokuwa likivuja, na kwa hiyo tena nikawa mtu wa kusikiliza kutoka juu. Wa kwanza alikuwa Bakari. Alisimama mlangoni mwa chumba muda mrefu. "Jini lako liko wapi?" aliuliza. "Limekwenda sokoni," alijibu Riziki. "Linarudi lini?" "Anayenishikia akitikisika." Nilisikia kitanda kikilia, Bakari amekaa. "Shika hapo," alisema Riziki. "Siyo hapo, hapo. Umekula nini mkono unanuka hivi?" "Samaki." "Wa kupaka?" "Wa kukaanga." "Mngetuletea." Kimya kilifuata, kirefu, kile kimya cha darasani, na nikakaa juu ya kipau na kuti mkononi, nisithubutu kulifunga wala kuvuta pumzi kwa nguvu. Kesho yake Bakari alikuja na kipande cha samaki ndani ya jani la mgomba, ingawa haikuwa zamu yake. Wengine walifuata kwa zamu, na wengine bila zamu, na ukili ukakua polepole, maana siku nyingine maumivu yaliuzuia mkono na anayeshika alishika tu ncha ya kitu kisichosogea.

Ukili ulipotimia Riziki aliushona mkekani kwa mkono wake, na siku aliporudi shule Mwalimu alikataza mkeka kukunjwa. Ulibebwa umetandazwa, watoto wameshika kingo zake na kuuinua juu ya vichwa, na Riziki akatembea chini yake kwenye kivuli kama bi harusi. Bi Mwanamisi alifuata na sufuria ya mbaazi, akimwambia kila mtu wa njiani, "Mzima huyu! Mwangalieni, mke mwenzangu, mzima!" Kutoka juu ya mnazi Mwinyi akaita, "Alhamdulillahi! Na ile Fatiha niliyomsomea nani atanirudishia?" "Jiwekee mwenyewe," alijibu Bi Mwanamisi, "wewe unayelala juu ya minazi utaihitaji mapema." Darasani waliutandaza, na ilipokuja saa ya kukaa watoto walisukumana kutafuta nafasi juu yake, na kwa kuwa Riziki alikuwa ameshakaa, walisukumana kumwelekea yeye. Kwa mbali niliona Bi Mwanamisi amesimama mlangoni na sufuria tupu. Muhula uliisha na hakusema neno juu ya kumweka nyumbani.

Niliondoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata, shule hazijafunguliwa. Mwalimu alinikuta nikifunga mzigo. Hakunizuia wala kunilaumu; alinipa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, akaangalia miguu yangu akatabasamu. "Nenda, Makuti. Lakini katika mkeka ule kila mtu ana ukili wake ila wewe. Ulishika tu." Nilimwambia nitarudi kusuka wangu. Nilifika Vanga. Kulikuwa na watu, kama hapa. Nilirudi Bongwe mara nyingi miaka yote iliyofuata, kwa siku moja, kwa mlo mmoja, nikimwona Riziki anakuwa msichana, kisha mwalimu chini ya Mwalimu, na kila mara niliondoka kabla mtu hajaniletea miyaa.

Yote hayo niliyapitia nikiwa nimeegemea ukuta ule. Kisha niliingia. Riziki alikuwa kwenye kiti chenye mto mgongoni, maana mwili wake haujawahi kumsamehe, macho yamevimba kwa kulia. Mbele yake watoto walikuwa wameuzunguka mkeka mpya usio na upindo, kili zake zimeachwa wazi upande mmoja. "Tulikuwa tukimsukia Mwalimu," Riziki aliniambia baada ya kunipa shikamoo. "Tangu siku ile hatupindi mkeka kabla mwenyewe hajatia wake. Alianza wake kitandani." Alinionyesha kipande cha ukili, hakizidi kiganja, nyuzi zake zimetawanyika mwishoni pale mkono ulipoachia. Mtoto mmoja wa kike, mwenye pengo mbele, alikuwa akinitazama. "Sasa mkeka ni wa nani?" alimwuliza Riziki, akimaanisha kwamba jambo hili linahitaji uamuzi leo. Mtoto alinipima kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe babu una wako humu?"

Nilimwambia sina. Nilimwambia pia kwamba nimeacha paa la watu Malindi limefunguka nusu, na kesho asubuhi lazima niwe njiani. Alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akakichukua kile kipande kutoka mkononi mwa Riziki, akakaa jamvini akanitazama, akaibana ncha kwa vidole vyake viwili, na akasubiri. Magoti yangu yalilia nilipokuwa nikishuka chini. Nilizichukua zile nyuzi pale Mwalimu alipoziachia. Kutoka nyumbani ilisikika sauti ya wanawake wakisoma. Nilipitisha uzi mmoja, nikapitisha wa pili, na ukili ukavutika kando.

"Babu," alisema yule mtoto, "mguu."

Niliuzuia.